Unga wa Boksi la Njano

Mume wangu aliporudi kutoka migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, alirudi na sanduku la bati ambalo mama yake alianza kulitilia shaka kabla halijafunguliwa. Alilizunguka, akalisukuma kwa mguu, akasema nguo hazina uzito wa namna ile. Mume wangu akacheka na kulifungua pale pale uani. Akatoa mablanketi, koti la baba yake, gauni langu, kioo cha kunyolea na miche ya sabuni. Chini kabisa, yakiwa yameviringishwa ndani ya shati, yalikuwa maboksi matatu ya njano.

Kila boksi lilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu aliyevaa aproni, ameshika sahani ya biskuti na kutabasamu. Mama mkwe alichukua moja akalitikisa karibu na sikio. Mume wangu alimweleza kwamba ni unga wa biskuti, na kwamba sukari, chumvi na cha kuumulia vyote vimo humo ndani tayari. Mpishi anaongeza mafuta na yai, basi.

"Nani aliuchanganya?" mama mkwe aliuliza.

Mume wangu akasema unachanganywa na mashine, kiwandani.

"Na mashine inaendeshwa na nani?"

Mume wangu akainama kukunja mablanketi. Mama mkwe alilirudisha boksi juu ya shati, akajifuta mikono kwenye kanga yake.

Tulikuwa tunakaa Ikinga, kwenye vilima vya Ileje. Nyumba yetu ilikuwa imepakana na ya wakwe zangu. Mimi niliolewa kutoka Mpemba, Mnamwanga peke yangu katikati ya Wandali, na wakati ule Kindali nilikuwa nakisikia nusu nusu. Kwa hiyo mimi na mama mkwe tuliongea Kiswahili, yeye kile alichojifunza kanisani, mimi kile cha barabarani, na kila mmoja aliona cha mwenzake kimepinda. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mchapakazi, asiyeamini kitu mpaka akiguse, na akishakigusa bado anataka kujua kimetoka wapi.

Siwezi kusema alikuwa na shaka bila sababu. Miaka ile maneno mengi yalivuka mpaka. Ilisemekana sukari inayouzwa ng'ambo imetiwa dawa ya kufunga matumbo ya wanawake, ili watu wapungue na ardhi ibaki wazi. Nilisikia kwanza kwetu Mpemba, nikasikia tena sokoni Isongole. Maneno hayo yalipopanda hadi Ikinga yalikuwa yameshaongeza chumvi na nyama ya kopo. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilikuwa nanusa sukari kabla ya kuitia kwenye chai, ingawa sikujua dawa ya namna hiyo inanukaje. Nami nilikuwa sijazaa. Mume wangu aliondoka muda mfupi baada ya harusi, kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa, lakini mama mkwe alikuwa akilitazama tumbo langu kama mtu anavyotazama shamba lililochelewa kupandwa.

Mimi nilikuwa na shaka nyingine kabisa.

Siku ya pili yake nilipokuwa nayapanga maboksi yale kwenye kona ya chumba, mume wangu alinieleza namna ya kuyatumia. Sikumwuliza. Alisema mafuta yawe ya baridi. Alisema unayafikicha kwenye unga kwa ncha za vidole, taratibu, mpaka uwe kama mchanga wa mtoni. Usikande, akasema, ukikanda kama mkate zinatoka mbao. Alikuwa anaongea huku vidole vyake vinachezacheza hewani bila yeye kujua.

Mimi nilisoma upishi kwenye shule ya wasichana ya misheni, na pale Ikinga nilikuwa ndiye mtu wa biskuti. Mwalimu wetu alitufundisha kukanda. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za mchanga wa mtoni. Nikamwuliza alijifunza wapi. Akasema kambini watu wanaongea mengi.

Nililifikiria jibu hilo nikiwa nachota maji, nikalifikiria nikiwa napalilia. Wanaume wanaovunja mwamba chini ya ardhi kutwa nzima, wakipanda juu jioni wanakaa kuongea habari za mafuta ya baridi? Kisha nikaanza kumtazama vizuri. Wanaume waliorudi kutoka shimoni niliwajua. Mikono yao ilikuwa migumu kama magome, na weusi wa kucha zao haukutoka hata kwa mchanga. Ya mume wangu ilikuwa laini kuliko ya mwalimu wa shule, kucha zimekatwa fupi. Juu ya mkono wa kulia alikuwa na kovu jipya, limenyooka kabisa. Alisema ni jiwe. Lakini nilijua jiwe halichani kwa mstari ulionyooka.

Nimekulia kando ya barabara kuu ya kwenda Rodeshia. Niliona wanaume wakienda na niliwaona wakirudi, na nilijua maana ya mwanamume kurudi na ladha mpya mdomoni. Maana yake kuna mtu alikuwa akimpikia. Baba yangu mdogo alirudi kutoka huko akitaka kila mboga iungwe kwa karanga za kusaga. Kabla ya mavuno akatokea mwanamke wa Kibemba na watoto wake, wakiulizia nyumba yake iko wapi.

Kwa hiyo tulikuwa wawili mle uani wenye shaka na maboksi yale, mimi na mama mkwe, na hatukuambiana. Yeye alitaka kujua ndani mna nini. Mimi nilitaka kujua mume wangu aliyapata kwa nani.

Baada ya kuvuna maharage niliomba ruhusa kwenda kumsalimia mama yangu Mpemba. Ruhusa nilipewa kwa urahisi. Chini ya kikapu, ndani ya nguo, nililificha boksi moja. Nililala kwetu, na kesho yake nikamwambia mama kwamba nafika Tunduma kununua chumvi.

Karibu na kizuizi cha mpakani palikuwa na duka la Mhindi, refu na lenye giza, lenye kila kitu kuanzia misumari hadi mashuka. Nilimwonyesha mwenye duka boksi langu. Alilitazama kwa dharau, akasema hana, wala hataki kuwa nalo, kwa sababu yeye anao wake ulio bora zaidi. Akatoa fungu la karatasi ya kaki lililofungwa kwa uzi. Mchanganyiko huo, akasema, unatengenezwa nyumbani kwake na mke wake, hivyo anajua kila kilichomo. Nikanusa. Lilinukia sabuni ya kufulia, kwa sababu lilikuwa limekaa katikati ya miche. Hata hivyo nililinunua. Nilifikiri, kama nitaupika unga wa boksi lazima niwe na kitu cha kuulinganisha nao, na nilikuwa sitaki kuulinganisha na wangu peke yake.

Nje walikuwapo wanawake wa upande wa pili wakiuza samaki wakavu. Nilimchagua mmoja wa makamo, mwenye uso wa kawaida, nikanunua samaki kwake kwanza. Kibemba chake nilikielewa na Kinamwanga changu alikielewa, maana Tunduma lugha hizo zimelala kitanda kimoja. Nikatoa boksi, nikamwuliza kama analijua.

Aliligeuza, akaniuliza nimelipata wapi. Nikasema mume wangu kalileta kutoka migodini.

"Hili haliuzwi kwenye maduka yetu," alisema. "Liko kwenye maduka ya Wazungu, yale ambayo sisi tunahudumiwa kwa kidirisha cha nyuma. Na pale kidirishani hutaliona. Wanaokuwa nalo ni watu wanaofanya kazi majumbani mwao."

Nikamwambia mume wangu anafanya kazi shimoni.

"Basi kuna mtu wake ndani ya nyumba," akasema, akanirudishia.

Nilimwuliza mtu gani. Akainua mabega, akasema labda yaya, hao wanaolea watoto ndio wanaopewa vitu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema bei ya samaki, kisha akamgeukia mteja mwingine.

Nilirudi Mpemba na yaya yule kichwani pamoja na kikapu. Nilimwona waziwazi. Alikuwa mrefu, ana viatu, ana aproni nyeupe iliyopigwa pasi, na alikuwa anajua kusoma maandishi ya nyuma ya boksi. Mama yangu alipouona uso wangu alinihoji mpaka nikasema yote. Hakunifariji. Aliniambia nimwulize mume wangu moja kwa moja au ninyamaze kabisa, ila nisikae katikati nikimchunguza, kwa sababu mchunguzi hashibi.

Mimi nilikaa katikati. Nilirudi Ikinga nikaendelea kumpakulia ugali, kumsalimia na kumtazama mikono.

Nilikuta mambo yameendelea bila mimi. Mchungaji mpya alikuwa anakuja kutembelea kanisa letu, na akina mama walikuwa wameshagawana kazi za chai. Biskuti zilikuwa zangu. Lakini kiongozi wao alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba wenzake wangependa nitumie unga wa ngano wa misheni, ule wanaoujua. Sikuhitaji kuuliza walisikia wapi habari za boksi. Mama mkwe alikuwa amekwenda nalo moja mpaka kwa mwalimu wa shule ya kanisa, ili amsomee maandishi ya nyuma. Mwalimu alisoma unga, akasoma sukari, akasoma chumvi, kisha akafika mahali Kiingereza chake kilipoishia. Hakutaka kuonekana ameshindwa, akasema, "na vitu vingine."

"Vitu vingine vipi?" mama mkwe aliniuliza jioni ile, kana kwamba mimi ndiye niliyevitia. "Kama ni vizuri, kwa nini havina jina?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua.

Siku moja kabla ya mchungaji kufika, asubuhi, alikuja jikoni kwangu na kigoda chake. Alikaa karibu na mlango, akatandaza kanga magotini. Alisema leo nitapika za aina zote, zangu, za duka la Tunduma na za boksi, naye atatazama tangu mwanzo hadi mwisho. Akamwita mume wangu akae uani mbele ya mlango, mahali anapoweza kumwona.

"Wewe uliyeyaleta utakula wa kwanza," alimwambia. "Ukila, na tukikuona mzima mpaka jua kuzama, ndipo tutajua tuanzie wapi."

Mume wangu alikubali, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nilimwona amefurahi kidogo, nami furaha hiyo nikaitilia shaka pia.

Nilianza na zangu. Nilichekecha unga wa misheni, nikatia sukari kidogo, samli na kijiko cha hamira ya unga niliyokuwa naitunza kwenye kopo, nikakanda kama nilivyofundishwa, nikasukuma donge kwa chupa na kulikata vipande. Jiko langu la kuokea lilikuwa sufuria kubwa lenye mchanga chini, na juu yake bati lenye makaa. Zilitoka za kahawia, nene, zinanukia moshi. Mama mkwe alizigonga moja kwa nyingine, zikalia. Hizo alikuwa amezizoea.

Unga wa duka ulinisumbua. Nilipotia yai na samli haukushikana. Nikaongeza maji, ukawa tope, nikaongeza unga wangu, ukagoma kusukumika. Mwishowe nilifinyanga vidonge kwa kiganja na kuvibandika hivyo hivyo. Vilipopata moto, jikoni pakanuka kama siku ya kufua. Mama mkwe alisema huyo mke wa Mhindi ama alikuwa na haraka ama alikuwa na hasira.

Kisha nikafungua boksi la njano.

Harufu ilitoka yenyewe kabla sijamimina. Ilikuwa tamu, nzito kidogo, si ya ua wala ya tunda. Wakati ule sikujua jina lake. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoambiwa ni vanila. Mama mkwe alijifunika pua kwa ncha ya kanga. Unga wenyewe ulikuwa mweupe na laini sana. Nilimimina nusu yake kwenye bakuli, nikatia samli na yai, nikaanza kukanda.

"Usikande," mume wangu akasema kutoka uani.

Niliendelea. Sijui nilikuwa nataka nini. Labda nilitaka kuona atafika wapi.

"Unauharibu huo."

Nikakandamiza tena kwa ngumi. Akainuka. Alikwenda kwenye mtungi, akachota maji kwa kata, akanawa mikono kwa namna ambayo sijawahi kumwona mwanamume akinawa. Alinawa mpaka kwenye viwiko, katikati ya vidole na chini ya kucha. Akaikung'uta mara moja, akaingia ndani ya jiko langu mbele ya mama yake, akanichukulia bakuli kutoka mikononi.

Kwetu mwanamume mzima hakuingia jikoni kupika, tena mama yake akiwa amekaa hapo. Mimi nilisogea ukutani. Mama mkwe hakusogea.

Donge nililoharibu aliliweka kando. Akamimina unga uliobaki kwenye boksi, akachota samli kutoka kwenye chungu kilichokaa kivulini, akaanza kuifikicha kwa ncha za vidole. Mikono yake ilikwenda haraka na bila kelele. Unga ulikuwa unapanda na kushuka kati ya vidole, na baada ya muda ulikuwa kweli kama mchanga wa mtoni. Akavunja yai kwa mkono mmoja kwenye ukingo wa bakuli, akalikusanya donge kwa kulikunja tu, akanyunyiza unga kibaoni na kulisukuma kwa chupa yangu, jembamba kila upande. Akakata miduara kwa mdomo wa kikombe cha bati. Akatafuta uma, hakuuona, akachukua mwiba uliokuwa umeshikiza kapu langu ukutani, akatoboa kila biskuti vitundu vilivyopangana. Hakunitazama hata mara moja. Nadhani alikuwa amesahau kwamba tupo.

Alipokuwa anazipanga ndani ya sufuria, tulisikia kikohozi nje. Baba mkwe alikuwa anakuja kutoka shambani. Kwa desturi ya Wandali, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, na mzee yule, kwa heshima, alikohoa daima kabla ya kukaribia mahali nilipo. Mume wangu alishtuka, mikono yake miwili imejaa unga. Mlango wa jiko ulikuwa mmoja tu.

Mama mkwe alisimama, akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Usipite huku," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mkweo yumo anapika."

Tulisikia miguu ikizunguka upande wa pili wa nyumba. Mama mkwe alibaki amesimama hadi iliponyamaza, kisha akarudi kwenye kigoda chake, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Nani alikufundisha?"

Nami nilingoja. Nilijua jina litakalotajwa litakuwa la mwanamke.

Mume wangu alichuchumaa karibu na jiko, akawa anayasogeza makaa juu ya bati kwa kijiti.

"Nilikuwa mpishi," akasema.

Alisimulia akiwa ameyatazama makaa. Shimoni alishuka siku chache tu. Kile chombo kinachowashusha watu kikianza kwenda alikuwa anaishiwa pumzi, na mara ya mwisho walimtoa amezirai. Msimamizi alimwambia aende nyumbani, lakini hangeweza kurudi Ikinga wakati waliotoka naye bado wako kazini. Akaomba kazi kwenye nyumba ya bwana mmoja wa mgodini, kwanza ya kufagia, baadaye jikoni. Mke wa bwana huyo alimfundisha kwa kupiga kelele. Biskuti zikiwa ngumu alizimwaga kwa mbwa na kumwambia aanze upya. Kovu lilikuwa la mlango wa jiko la chuma. Maboksi yale alipewa siku ya kuaga, mengine yakiwa yameshapita muda wa kukaa dukani. Wenzake wa Ileje waliokuwa shimoni walijua, na waliahidi kunyamaza. Alituambia anachimba shaba kwa sababu ndivyo tulivyotarajia, na baada ya hapo hakuona mahali pa kugeuzia.

Mama mkwe aliuliza jambo moja tu.

"Na kwa muda wote huo ulikuwa unakula chakula chao?"

"Nilikipika mwenyewe, Mama. Nilijua kila ninachotia."

"Ila cha kwenye maboksi."

Akakubali kwamba cha kwenye maboksi hakukijua.

Biskuti zilitoka zikiwa nyembamba, rangi ya dhahabu, zote sawa. Mume wangu alikula moja, akala ya pili. Mimi nilikula bila kuomba ruhusa, kwa sababu nilikuwa na hamu iliyochanganyika na hasira. Siwezi kudanganya, ilikuwa laini kuliko chochote nilichowahi kupika. Iliyeyuka kabla sijaitafuna. Lakini ilipokwisha iliacha kitu juu ya ulimi, kama mtu aliyelamba kijiko cha bati, na utamu wake ulikuwa wa juu juu, hauna unga ndani yake. Zile za duka hatukuweza kuzimaliza kwa sababu ya sabuni, tukawapa kuku, na kuku wakazichagua. Zangu zilikuwa ngumu, lakini zilikuwa na ladha ya ngano. Mama mkwe alikula moja yangu kwa kuichovya kwenye maji ya moto. Ya boksi hakuila mbele yetu. Aliifunga moja kwenye pindo la kanga, akaondoka nayo, na sijui aliifanya nini.

Kesho yake mchungaji alipewa biskuti zangu. Alizichovya kwenye chai muda mrefu, akatushukuru. Akina mama wa kanisa waliuliza kama lile boksi limetupwa, mama mkwe akawajibu kwamba mambo ya boksi yamekwisha. Hakuwaambia jambo lingine lolote, si siku ile wala baadaye, na kwa jinsi alivyopenda kueleza watu mambo, nilijua ukimya ule ulimgharimu.

Maboksi mawili yaliyobaki aliyachukua na kuyaweka darini, juu ya moto wake. Nilidhani anayatunza. Baadaye niligundua anawategea panya, aone kitakachowapata wakila. Alikuwa na desturi ya kupanda ngazi kila baada ya siku kadhaa, akichungulia. Panya walitoboa boksi la kwanza, wakala unga wote. Mvua zilipoanza aliniita, akanionyesha ndani ya boksi la pili, katikati ya karatasi iliyotafunwa, watoto wa panya wekundu wasio na manyoya wamelala wamebanana. Aliwatazama kwa makini.

"Wamezaa," nilisema.

"Panya si watu," alinijibu, akashuka.

Mwaka uliofuata nikajifungua binti. Mume wangu hakurudi Rodeshia. Kituo cha misheni kilimtafuta kwa ajili ya kazi ya jikoni, maana habari zilikuwa zimeshavuja kidogo, akakataa. Alisema hatapika tena kwa mtu anayemwaga chakula kwa mbwa, ingawa Wazungu wa misheni walikuwa watu wengine. Tulipanda kahawa. Nyumbani, jikoni mwangu, mara moja moja alinionyesha kufikicha samli kwenye unga wetu wa ngano, na biskuti zangu zikawa si ngumu tena, nikasifiwa kwazo hadi Isongole.

Habari za yaya nilimwuliza siku moja tukiwa tunapalilia kahawa, yeye mstari wake na mimi wangu. Alisimamisha jembe. Alisema wale watu hawakuwa na watoto, hapakuwa na yaya, palikuwa na mzee wa kufua na yule mbwa. Nilimwamini, au niliamini sehemu kubwa. Miaka iliyofuata alizoea kunisimulia habari za nyumba ile, jiko lake, kabati lake, namna jua lilivyoingia asubuhi. Safari moja alisema dirisha la jikoni lilitazama barabara. Safari nyingine alisema lilitazama bustani, ambako mtu alikuwa akianika nguo za watoto. Nilimtazama. Alikuwa anakula, hakuinua uso. Nikamwongezea chai.